CHAKULA KWANZA, KISHA KINYWAJI: HISTORIA FUPI YA MEZA NA POMBE



Safari hii tafakari haikuanzia katika Injili ya Dominika, bali katika karatasi moja iliyoletwa ofisini kwangu. Kijana wa parokia yetu alinijia baada ya Misa ya asubuhi. Yeye na wenzake wawili wanakusudia kufungua mahali pa kulia na kunywea huku kwetu Kigamboni, upande wa ufukweni. Bia ya hapo haitaletwa na lori katika makreti. Itapikwa papo hapo, katika matangi ambayo mgeni atayaona kwa macho yake nyuma ya kioo. Akanipa orodha ya vitakavyouzwa. Upande mmoja wa karatasi aliandika vinywaji 14, kila kimoja na jina lake zuri. Upande wa pili aliandika vitu vitatu: chipsi, mishikaki na karanga.

“Baba Paroko,” akasema, “naomba uitazame, kisha siku ya kufungua uje utubarikie.”

Siku mbili baadaye akaja mama yake, mwanachama wa WAWATA, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa utulivu wake. Safari hii hakuwa mtulivu. “Padre, ukienda kupabariki pale, mimi nitawaambia nini wanangu wengine? Baba yao aliimaliza ada yao kilabuni, kisha kilabu kikammaliza na yeye.”

Ndugu zangu, sikuwa na jibu la haraka kwa mmoja wao. Nilimwomba kila mmoja anipe wiki moja, nikarudi katika vitabu na katika kumbukumbu za wazee. Nililolipata ndilo ninalowashirikisha leo, kwa maana swali la mama yule na karatasi ya mwanawe havimhusu yeye peke yake. Nyumba ngapi katika jumuiya zetu ndogo ndogo hazina kidonda cha namna hiyo? Na ni nyumba ngapi, kwa upande mwingine, zilizosomesha watoto kwa pombe iliyopikwa uani na mama mjane?

Mkuu wa karamu katika Maandiko

Tuanze na Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 31, mwenye hekima anaizungumzia divai kwa maneno ya namna mbili. Anaisifu kuwa ni furaha ya mwanadamu akiinywa kwa kiasi na kwa wakati wake, na papo hapo anaonya juu ya uchungu na ugomvi unaoletwa na kupita kiasi. Wengi tunaikumbuka sura hiyo, lakini tunasahau kwamba sura ya 32 inaendelea na jambo lile lile kwa kumgeukia mtu mwingine kabisa, yaani yule aliyewekwa kuwa mkuu wa karamu. Anaagizwa asijikweze. Awe miongoni mwa wageni kama mmoja wao, awahudumie kwanza, ahakikishe mahitaji yao yametimia, ndipo aketi.

Tazameni jinsi Maandiko yanavyoligawa jukumu. Kiasi si wajibu wa mnywaji peke yake. Yuko mtu anayeiangalia meza nzima, na mtu huyo naye ana hesabu yake mbele za Mungu. Huyo ndiye tunayekutana naye Kana ya Galilaya, katika sura ya pili ya Injili ya Yohane. Mitungi sita ya mawe, kila mmoja ukichukua nzio mbili au tatu, ni karibu lita 500 hadi 700 kwa vipimo vyetu. Zawadi ya Bwana haikuwa ya kubana. Lakini divai hiyo haikwenda moja kwa moja kwa wageni: kwanza ilipelekwa kwa mkuu wa meza, naye akaionja.

Tena Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorinto, sura ya 11, anawakemea kwa sababu katika kusanyiko lao mmoja anakaa na njaa na mwingine amelewa. Kosa analolitaja ni la meza iliyovunjika, ambapo kinywaji kimekwenda upande huu na njaa imebaki upande ule. Tulishike neno hilo, kwa sababu tutakutana nalo tena karibu na kwetu.

Tembo la pwani na kata ya bara

Pwani yetu hii ilikuwa na kinywaji chake kabla ya jiji. Mbwamaji, hapa hapa Kigamboni, ni makazi ya kale kuliko Dar es Salaam, ambayo Sultani Majid wa Unguja alianza kuijenga miaka ya 1860. Minazi ilikuwapo, na mgema alikuwapo. Asubuhi na jioni alipanda mnazi, akakata karara, akafunga kibuyu na kukinga utomvu. Tembo likitoka mtini ni tamu. Baada ya saa chache limeanza kuchachuka, siku ya pili ni kali, na likiachwa zaidi huwa siki. Ndiyo sababu tembo halikuwa kitu cha kurundikwa ghalani. Lilinyweka siku hiyo, na lililobaki lilikwenda jikoni. Ndugu zetu Wagoa, Wakatoliki waliokuwa nguzo ya makanisa mengi ya miji ya pwani, walitoka katika nchi ambako tembo la mnazi huumulia mikate ya mchele na siki yake huungia nyama. Kinywaji na chakula vilikuwa vitu vya jiko moja.

Aidha, wapwani walijua hatari ya anayeuza kinywaji. Methali yao inasema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Tunaitumia kumsema kila aliyelewa sifa, lakini chanzo chake ni mashaka ya kweli juu ya mtu aliyeshika kibuyu.

Watu wa bara walipohamia jijini, walikuja na vyungu vyao. Wachaga walikuja na mbege, Wahaya na rubisi, watu wa Iringa na ulanzi unaogemwa katika mianzi, wa Tabora na wanzuki ya asali. Tuitazame mbege peke yake, tuone kazi iliyomo. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Kando yake ulezi hulowekwa, huota, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Maji ya ndizi yaliyochujwa huchanganywa na uji huo, na magome ya msesewe hutia uchungu kidogo ili utamu usizidi. Kazi hiyo huchukua wiki nzima au zaidi, na ikikamilika haikai: leo ni nzuri, keshokutwa imekuwa chachu mno.

Pombe ya namna hiyo ilikuwa nzito kama uji, na nguvu yake ilikuwa ndogo. Ilipikwa kwa tukio: mahari, mazishi, mavuno, kazi ya pamoja shambani. Ilikuwa na utaratibu wake wa nani anaonja kwanza na nani hapewi kabisa. Mpishi alionja mbele ya wageni ili waone kwamba hakuna baya ndani yake. Kata ilipitishwa kutoka mkono hadi mkono, na ndizi, nyama na mtori vilikuwapo. Sisemi kwamba zamani hapakuwa na walevi. Walikuwapo, na wazee wenu wanaweza kuwatajia kwa majina. Ninalosema ni kwamba mlevi alionekana na watu wote, kwa sababu kinywaji kilikuwa katikati ya uwanja uliojaa ndugu, na palikuwa na mwenye nyumba aliyeweza kusema: huyu basi, mpelekeni akalale.

Sheria ya Mtakatifu Benedikto

Sasa tuvuke bahari kidogo, kwa maana Kanisa nalo lina historia yake ya bia. Mtakatifu Benedikto, aliyeishi Italia kati ya mwaka 480 na 547 hivi, aliwaandikia watawa wake Kanuni ambayo inasomwa hadi leo. Sura ya 40 ni ya kipimo cha kinywaji. Benedikto anakiri kwamba divai haiwafai watawa, lakini kwa kuwa watawa wa wakati wake hawakubali kushawishika hivyo, basi angalau wakubaliane kunywa kidogo, wasifike kushiba. Anaweka kipimo cha siku kiitwacho hemina. Wataalamu hawapatani juu ya ukubwa wake. Wengine hukadiria robo lita, wengine nusu lita au zaidi. Na yule aliyejaliwa na Mungu kuacha kabisa anaambiwa kwamba atapata thawabu yake.

Lakini kabla ya sura ya 40 ipo sura ya 39, nayo ni ya kipimo cha chakula. Humo Benedikto anaagiza vyakula viwili vilivyopikwa katika kila meza, na sababu anayoitoa ni ya upole mkubwa: kwa sababu ya udhaifu wa watu mbalimbali, asiyeweza kula hiki aweze kula kile. Kama yapo matunda au mboga mpya, ziongezwe ziwe cha tatu. Anataja pia kipimo cha mkate. Baada ya hayo yote ndipo inafuata sura ya kinywaji. Tena mapema zaidi, katika sura ya 31, amekwisha kumwagiza mtunza ghala awe kama baba kwa jumuiya nzima, asimhuzunishe ndugu, na avitunze vyombo vyote vya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare. Na katika sura ya 53 anataka kila mgeni apokewe kama Kristu mwenyewe.

Kutoka katika sheria hiyo zilitokea monasteri za kaskazini ya Ulaya, ambako mizabibu haistawi, na watawa wakapika bia. Monasteri ya Weltenburg, katika Bavaria ya Ujerumani, inahesabu upishi wake tangu mwaka 1050. Mtakatifu Hildegarda wa Bingen, mtawa wa Kibenedikto aliyefariki mwaka 1179 na kutangazwa kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012, aliandika jinsi mmea wa hopsi unavyozuia kinywaji kisiharibike upesi. Watawa wa Paulaner huko Munich walijulikana kwa bia nzito waliyoinywa wakati wa Kwaresima, walipokuwa wamefunga chakula kigumu. Na katika kitabu cha baraka cha Kanisa, Rituale Romanum, ipo sala maalumu ya kubariki bia. Kwa hiyo kijana wetu aliponiomba baraka hakuomba kitu kigeni.

Historia hiyo iko karibu nasi kuliko tunavyodhani. Wamisionari Wabenedikto wa Mtakatifu Ottilien, waliofika Pugu mwaka 1888, walitoka katika Bavaria hiyo hiyo ya monasteri zenye bia. Tarehe 13 Januari 1889 nyumba yao ya Pugu ilivamiwa wakati wa vita vya Abushiri, na watatu kati yao wakauawa. Waliobaki waliendelea Dar es Salaam. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ambalo tunaliona tukivuka kwa kivuko, lilijengwa kwa juhudi zao kati ya mwaka 1897 na 1902. Na hadi leo Wabenedikto wana nyumba Kurasini, ng'ambo tu ya maji kutoka kwetu. Sheria ya sura ya 39 na ya 40 imesomwa kwa sauti mezani miaka mingi, mahali ambapo mtu wa Kigamboni angeweza kupaona kwa macho.

Wakati chakula kilipoondolewa mezani

Swali la kujiuliza sasa ni hili: kama mababu walikuwa na kata na utaratibu, na Kanisa lilikuwa na hemina na kanuni, kilabu kilichommaliza baba wa kijana wetu kilitoka wapi?

Wakoloni walianza na pombe kali. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, uliohusu hasa biashara ya utumwa, uliweka pia mipaka juu ya kuingiza pombe kali katika sehemu kubwa ya Afrika. Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 uliendeleza jambo hilo, na chini ya Waingereza Mwafrika wa Tanganyika hakuruhusiwa kunywa pombe hizo. Bia ya chupa nayo ilianza kama kinywaji cha wageni. Wakati wa Wajerumani mtu aitwaye Schultz alikuwa na kiwanda cha bia Dar es Salaam. Mwaka 1922 bia ilianza kupikwa Nairobi na kampuni iliyokuja kujulikana kama Kenya Breweries, na mwaka 1933 ikaanzishwa Tanganyika Breweries katika jiji letu.

Kwa Mwafrika wa mjini palikuwa na mpango mwingine. Mwaka 1908 ilitungwa sheria huko Natal, Afrika Kusini, iliyoiwezesha halmashauri ya Durban kuwa muuzaji pekee wa pombe ya kienyeji kwa Waafrika, na faida ikagharamia utawala wa Waafrika hao hao. Miji mingine iliutazama mpango huo kwa macho ya tamaa. Nairobi iliufuata mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa kufungua ukumbi wa pombe wa manispaa huko Pumwani. Huku Tanganyika nako pombe ya mjini iliwekwa katika vilabu vyenye leseni na ada. Mama aliyepika nyumbani bila kibali akawa mhalifu, na mapipa yake yakamwagwa.

Angalieni mabadiliko yaliyotokea. Mwenye meza sasa ni ofisi. Ofisi haimjui mnywaji wala mke wake, na bajeti yake inategemea anywe zaidi. Pombe haipikwi tena kwa ajili ya tukio, inapikwa kila siku. Siku ya tukio imekuwa siku ya mshahara. Kijana aliyetoka Songea au Kondoa, anayelala chumba kimoja na wenzake wanne bila jiko, anakwenda kunywa kabla hajala, na mara nyingi anamaliza fedha ya kula.

Wanawake ndio walioliona jambo hilo kwanza. Mwezi Juni 1959, katika mtaa wa Cato Manor huko Durban, wanawake waliingia katika ukumbi wa pombe wa manispaa, wakawafukuza wanaume na kuharibu vinywaji. Hasira yao ilikuwa na sababu mbili: pombe waliyopika wao majumbani ilikuwa ikimwagwa na polisi, na mishahara ya waume zao ilikuwa ikiishia katika ukumbi wa serikali. Serikali iliitikia kwa nguvu. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama yetu wa WAWATA, nikaona kwamba machozi yake yana historia ndefu kuliko ndoa yake.

Baada ya uhuru hali haikugeuka kwa siku moja. Sheria ya mwaka 1966 ilipiga marufuku upishi wa moshi, ambao sisi tunauita gongo, na sheria ya vileo ya mwaka 1968 ikaweka utaratibu wa leseni. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 serikali ilichukua hisa nyingi za kiwanda cha bia. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, bia ilipokuwa adimu kama sukari. Mwaka 1993 kampuni ya Afrika Kusini iliingia katika ubia, na bia ikajaa. Kisha kikaja kitu kibaya kuliko kilabu: pombe kali katika vifuko vya plastiki, viroba, iliyoweza kunywewa na mtoto wa shule au dereva wa bodaboda akiwa peke yake, bila glasi, bila kiti na bila shahidi. Serikali iliipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na nadhani hakuna paroko aliyelalamika.

Kutoka kata inayozungushwa na watu hamsini mpaka kiroba kilichofichwa mfukoni, meza ilipungua hatua kwa hatua mpaka ikatoweka. Ndiyo sababu nasema kwamba ugonjwa wetu haukuanzia katika pombe peke yake. Ulianzia pale kinywaji kilipotengwa na chakula, na mwenye kuuza alipotengwa na mwenye kunywa.

Majirani zetu

Kuna jambo jingine ambalo mpangaji wa menyu wa Kigamboni hana budi kulipima. Tunaishi kati ya ndugu zetu Waislamu, ambao walikuwa hapa kabla yetu na ambao wanatuzika tukifa. Mwezi Aprili 1993 bucha za nguruwe zilivamiwa na kuharibiwa katika jiji letu, na kwa siku kadhaa watu wa dini hizi mbili walitazamana kwa hofu. Serikali iliwakamata wahusika, na hakuna mwenye akili anayetaka siku zile zirudi.

Sisemi kwamba kitimoto ni dhambi. Mkatoliki anajua kwamba hakuna chakula kilicho najisi chenyewe. Lakini Mtume Paulo, katika sura ya 8 ya waraka wa kwanza kwa Wakorinto na sura ya 14 ya waraka kwa Warumi, anafundisha kwamba haki yangu ya kula haizidi dhamiri ya ndugu yangu. Mkuu wa karamu anayepika samaki na kitimoto katika mafuta yale yale amemfungia jirani mlango hata kama ameandika “karibuni wote” ukutani. Ama awe na jiko la pili lenye vyombo vyake, ama akiache kabisa. Ufukwe wetu una changu, pweza na kibua, na hapana atakayelala njaa.

Nilichomwambia kijana

Juma lilipokwisha niliwaita wote wawili, mama na mwana, nikawapa maoni yangu. Si sheria ya Kanisa, ni shauri la paroko wenu.

Kwanza, ageuze karatasi. Upande wa chakula ndio uwe wa mbele, na uwe na vitu vya kushibisha: supu ya pweza, samaki wa kuchoma na ugali, mihogo ya nazi, mtori, ndizi nyama, maharage kwa asiyekula nyama, na kachumbari iliyotiwa siki ya tembo. Visiwe vingi, lakini kama alivyotaka Benedikto, asiyeweza kula hiki apate kile. Jiko lifunguliwe kabla ya bomba la bia, na lisifungwe kabla yake. Sahani moja ya kawaida isiwe ghali kuliko glasi ya bia, maana mtu mwenye fedha kidogo huchagua kwa bei.

Pili, vinywaji 14 ni vingi mno. Vinne vinatosha, vikipikwa vizuri. Kama anataka vionekane kuwa vya kwetu, asitegemee shayiri peke yake. Mtama na ulezi vinajua kazi hiyo tangu zamani, na Uganda bia ya mtama imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 2002. Glasi ndogo iwepo, na isionewe aibu.

Tatu, asiyekunywa pombe apewe heshima sawa. Hapa kijana wetu ana bahati, kwa maana uji wa kimea usiotiwa chachu ya pombe na kuachwa muda mfupi tu ni togwa. Jiko moja linaweza kumhudumia anayekunywa na asiyekunywa. Togwa, madafu, ukwaju na tangawizi viandikwe juu ya orodha, visifichwe chini kama adhabu. Mwaka 1898, huko Dublin, Padre James Cullen alianzisha chama cha Pioneer cha wenye kuacha pombe kabisa kwa heshima ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na matawi yake yamefika Afrika Mashariki. Mtumishi wa Mungu Matt Talbot, mfanyakazi maskini wa mji huo huo, alikuwa mlevi tangu utotoni, akaacha akiwa na miaka 28, na hakurudi tena hadi kifo chake mwaka 1925. Kanisa lilimtangaza Mheshimiwa mwaka 1975. Watu wa namna yake wapo kati yetu, nao pia wanastahili mahali pa kuketi na rafiki bila kusukumwa glasi.

Nne, pombe kali isiwepo, na mkopo wa pombe usiwepo. Daftari la madeni ndilo lililokula ada ya watoto wa nyumba ile, na kijana mwenyewe anajua.

Mama alisikiliza yote kimya. Mwishoni akaniuliza swali moja tu: “Na yule ambaye hawezi kuacha, Padre, mkuu wa karamu atamfanyaje?” Nilimjibu ukweli, kwamba menyu haimponyi mlevi. Yeye anahitaji tiba, familia, sakramenti na uvumilivu, na hata hivyo wengine tunawapoteza. Mpango mzuri wa meza hauwezi kuahidi zaidi ya huu: kwamba mwenye meza atamwona mapema, atamnyima glasi inayofuata, na atampigia simu mtu wa nyumbani. Kama kijana hayuko tayari kumnyima mtu mwenye fedha mkononi, basi asifungue.

Mama hakusema kwamba ameridhika, na sikumlazimisha. Alimtazama mwanawe, akamwambia, “Umesikia.” Kijana akaitikia kwamba amesikia.

Karatasi nilimrudishia, lakini pembeni nimeandika kwa kalamu swali ambalo nataka alijibu kabla hajanunua tangi hata moja. Zamani aliyekosa kivuko cha mwisho alizunguka Kongowe au alilala kwa mtu. Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwezi Aprili 2016, anayetoka kunywa usiku anaweza kuwasha gari akaenda, na Katekisimu, namba 2290, inasema wazi kwamba anayehatarisha maisha ya wengine barabarani kwa ulevi ana hatia nzito. Basi nimeuliza: mgeni wako wa mwisho atarudije nyumbani?

Akinijibu vizuri, nitachukua stola na maji ya baraka, nami nitakwenda. Tuwaombee yeye na mama yake katika Misa za juma hili. Kila mmoja wetu naye aitazame meza ya nyumbani kwake, aone ni nani anayenywa kabla hajala, na ni nani anayelala na njaa kwa sababu ya kinywaji cha mwingine.

Mungu awabariki, na Mama Bikira Maria, aliyekuwa wa kwanza kuona upungufu pale Kana, azitazame nyumba zetu.

Milele amina.
Paroko wenu